Manyoya ya Mshale

Katika seminari nilifundishwa Kilatini na nyimbo, lakini hakuna aliyenifundisha kubandika manyoya ya mshale. Jambo hilo nimejifunza hapa Bunia, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, kwa sababu vijana wangu wa mafundisho waliomba mchezo wa kupiga shabaha wakati wa likizo kubwa.

Tulikata fito za mwanzi, tukachonga pinde, tukasimamisha shina la mgomba kuwa shabaha. Kila mshale tuliuwekea msumari mbele, na nyuma manyoya matatu ya kuku, tukayabandika sawasawa kufuata ufito. Basi, mshale wa kwanza ulikwenda vizuri, wa pili ukatikisa mkia kama samaki, wa tatu ukaangukia katika mihogo ya jirani. Nilidhani kosa ni la mikono yetu. Kumbe tulikuwa tumechanganya manyoya ya bawa la kuume na ya bawa la kushoto! Unyoya una mpindo wake wa asili, na mabawa mawili hupinda kila moja upande wake. Ukiyachanganya katika mshale mmoja, yanagombana hewani. Yakiwa ya bawa moja, mshale huzunguka kidogo wenyewe, hata ukiyabandika sawasawa.

Mzee mmoja Mwefe, aliyekuja kwa njia ya Mambasa kumtazama mgonjwa wake, alituona akacheka. Kwao mwituni mshale wa mti hupasuliwa karibu na mwisho wake, kikatiwa humo kipande cha jani, basi.

“Mwalimu,” aliniambia, “mimi namngoja mnyama mpaka awe karibu. Ninyi mnapiga kitu kisichokimbia, tena mnasimama mbali! Jani halitawatosha.”

Tukajaribu kuyabandika kwa mshazari. Kwa hatua kumi na tano sikuona tofauti. Kwa hatua arobaini mishale ya mshazari ilikusanyika pamoja, lakini ilishuka chini zaidi, maana unyoya ulioinama hushika hewa na kula mwendo. Wapigaji wa Olimpiki, ambao shabaha yao ya sentimeta 122 iko mita 70 mbali nao, wengi hutumia vibawa vidogo vya plastiki vilivyojikunja, ili mshale uzunguke pasipo kupoteza mbio. Vijana wangu walitaka mbio tu. Wote walichagua sawasawa.

Jioni moja mama mwenye mihogo akaja, mshale wetu mkononi. Nilitayarisha maneno ya kuomba radhi kwa ajili ya shamba.

“Mwalimu, huu ni wa nani?”

“Wa watoto wa mafundisho, mama. Wanacheza.”

“Katika mji huu mshale si mchezo.”

Hakuongeza neno. Mwaka 2003, Bunia ilipopigwa na vita, mimi nilikuwa mtoto wa shule. Tangu 1999 watu wa Ituri walikuwa wakiuawa kwa bunduki, kwa panga, na kwa mishale pia. Usiku ule nilitaka kuvunja pinde zote. Asubuhi nilikwenda kwanza kwake nikamwuliza afadhali tufanye nini. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, “Unaweza kuufanya usifike kwangu?”

Naam, ninaweza. Tuling’oa misumari, tukaweka vipande vya gunzi la mahindi. Nyuma tulibandika manyoya mapana ya bata, pasipo kuyapunguza, kwa mshazari mkali. Mshale wa namna hiyo hwenda vema hatua ishirini, kisha huchoka kama mzee apandaye mlima, ukaanguka. Mahali pa mgomba tumetundika gunia kuukuu. Vijana walinung’unika sana, wakaiita mishale ya mababu, lakini hakuna uliovuka ua tena.

Jumapili iliyofuata mama alikuja kutazama. Alichukua mshale mmoja, akaugusa gunzi kwa kidole gumba, akaugeuza, akatazama manyoya. Akasema ana bata dume nyumbani. Tukihitaji manyoya nimtume mtoto mmoja, si kundi.