Theluji ya Japani iliyookoa shamba la mama Lusahunga

Msomaji wangu, mimi ni mtu wa Lusahunga. Kama unasema hupajui, basi huenda umeshapita pale ukiwa umelala kwenye basi. Ukitoka Isaka, ukaiacha Kahama, ukapita Nyakanazi, ndipo unapotufikia sisi: mstari wa maduka, moshi wa nyama choma, malori yamepaki pua kwa mkia, matingo wananawa uso kwa maji ya kwenye dumu. Ukiendelea mbele unakuta Nyakahura, Benaco, kisha Rusumo, na ukivuka daraja uko Rwanda. Ukikata kwenda Ngara na Kabanga, unaingia Burundi. Wageni wanaokuja Lusahunga kwa ajili ya Lusahunga yenyewe ni wachache. Wengi wanapita tu, na sisi tunaishi kwa hao wanaopita.

Mama yangu ana gesti ya vyumba sita pale. Mwendo wa nusu saa kwa mguu, ana shamba la migomba, mihogo na maharage aliloachiwa na marehemu baba. Mapema mwaka huu familia ilikaa kikao tukakubaliana kwamba shamba liuzwe, gesti iongezwe vyumba kumi. Aliyeshabikia kuliko wote ni mimi. Nilipiga hesabu za malori kwenye karatasi hadi wadogo zangu wakapiga makofi. Mama hakusema kitu, alikuwa anachambua maharage yake tu. Kwetu mzazi akinyamaza kikaoni ujue hajakubali, lakini sisi tunaokaa mjini tukajifanya hatujaona.

Basi bwana, kabla mnunuzi hajaleta fedha, ofisi ikanipeleka Tokyo kwenye kozi ya wiki tatu. Mwisho wa Aprili tukapewa mapumziko ya siku mbili. Wenzangu wakakimbilia madukani. Mimi nikasema hapana, theluji nimeiona kwa mbali tu, juu ya Kilimanjaro, nikiwa ndani ya basi. Safari hii nakwenda kuishika kwa mkono wangu.

Nikapanda ile treni yao ya kasi hadi mji wa Nagano, safari ya kama saa moja na nusu. Usiweke chai mezani ukasema itamwagika, haitikisiki! Kutoka Nagano nikachukua basi la zaidi ya saa moja, likizunguka mabondeni hadi kijiji cha Hakuba, chini ya milima mirefu ambayo Wajapani wenyewe wanaiita Alps ya Kaskazini.

Nilijiandaa kwa baridi ya kukata masikio. Nilivaa sweta mbili na koti la mtumba nililonunua Karume. Nashuka kwenye basi, nakuta jua linawaka! Miti ya sakura imechanua maua ya rangi ya waridi. Mlima juu ni mweupe, chini ni wa kahawia, kama mtu aliyevaa kanzu iliyomfikia kiunoni. Maduka mengi ya kukodisha mbao za kutelezea yameshusha milango. Hoteli zimefunga mapazia. Kwenye uwanja wa kuegesha magari mia na zaidi nikahesabu saba.

Kijana wa mapokezi mahali nilipofikia akacheka kwa adabu. "Kwa skii umechelewa," akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, ambacho hakikupishana sana na changu. "Kwa maua umewahi."

Hata hivyo sikukubali kushindwa. Huko juu kulikuwa bado na theluji, na mitambo ya kupandisha watu ilikuwa inafanya kazi. Unaingia kwenye kibanda cha vioo kinachoning'inia kwenye waya, mlango unajifunga, unapaa juu ya miti. Roho yangu ilikuwa mkononi. Baadaye unakaa kwenye kiti kitupu, miguu inaning'inia hewani kama unavuka mto kwa kamba. Mlima huo wa Happo unakupandisha hivyo hadi kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari.

Nikaishika theluji. Msomaji, siyo ile ya kwenye kadi za Krismasi. Ya majira haya ni ya chembechembe nzito, kama sukari iliyomwagikiwa maji. Niliishika hadi vidole vikafa ganzi, nikajaribu kupiga hatua mbili za kishujaa, nikakaa chini bila kupenda. Mtoto wa kama miaka sita akanipita akiteleza kama kipanga. Hakunicheka, aliinama kidogo kunisalimu na kuendelea zake. Hilo liliniuma kuliko kama angecheka.

Utajiuliza, theluji yote hii inatoka wapi, wakati Japani siyo ncha ya dunia? Nilielezwa hivi. Wakati wa baridi upepo mkavu hutoka Siberia, hupita juu ya bahari iliyo kati ya Japani na bara, huko hubeba mvuke, kisha hugonga milima hii na kuuangusha kama theluji. Mtu wa Kagera hahitaji darasa hapo. Si ndivyo upepo wa Ziwa Victoria unavyoibebea Bukoba mvua, sisi wa Biharamulo tulio ndani zaidi tukipata makombo?

Kijiji hiki kina historia na sisi watu wa Afrika Mashariki pia. Mwaka 1998 Nagano iliandaa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi, na mashindano ya skii za masafa marefu yalifanyika hapa Hakuba. Tarehe 12 Februari mwaka huo alishindana Mkenya, Philip Boit wa Eldoret, katika kilomita 10. Kijana wa Kikalenjin, mkimbiaji wa kawaida wa viwanjani, alianza kujifunza theluji mwaka 1996 kule Finland. Bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alimaliza, na Boit akaingia kama dakika 20 baadaye, wa mwisho kabisa. Dæhlie hakwenda kuchukua medali yake kwanza. Alimsubiri pale kwenye mstari, akamkumbatia. Boit alirudi nyumbani, na mwanawe akampa jina la Dæhlie. Nilipokumbuka hayo, kuanguka kwangu mbele ya yule mtoto kukapungua uchungu.

Jioni nikarudi kwenye nyumba ya wageni. Mwenye nyumba ni mzee wa miaka sabini na kitu, mfupi, mikono kama ya fundi seremala. Viatu unaacha mlangoni, unapewa ndala. Kuoga ni kwenye dimbwi la maji ya moto yanayotoka ardhini, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na huingii na nguo hata kitambaa. Ndiyo, msomaji, uchi wa mnyama! Nilisimama mlangoni dakika kumi nikimwomba Mungu wasiingie wengine. Wakaingia watatu. Hakuna aliyeniangalia. Baada ya robo saa mifupa ililegea, nikasahau hata aibu.

Wakati wa chakula nikamuuliza mzee, kupitia yule kijana wa mapokezi ambaye kumbe ni mjukuu wake, kama haumii kuona vyumba vitupu. Akasema aliwahi kuumia sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 skii ilikuwa kama wazimu Japani nzima. Watu walipanga foleni kupanda mlima, na waliokuwa na nyumba wakaongeza ghorofa. Kisha uchumi ukayumba, vijana wakapungua, wanaoteleza wakapungua kwa zaidi ya nusu. Vituo vingi vya skii nchini vikafungwa moja kwa moja. Hapa Hakuba kilichosaidia ni wageni kutoka nje, hasa Waaustralia. Nao ilipofika mwaka 2020, korona ilifunga mipaka, wakakatika ghafla.

"Wewe ulipona vipi?" nikamuuliza.

Hakujibu. Asubuhi alfajiri akagonga mlango, akanipeleka nyuma ya nyumba. Kumbe nyuma kuna mashamba ya mpunga, majaruba yanaanza kujazwa maji, na maji yenyewe ni ya theluji inayoyeyuka. Akanyoosha kidole mlimani. Theluji ikiyeyuka, mwamba mweusi hujitokeza na kuchora maumbo. Kwenye mlima wa Shirouma, wenye mita 2,932, hutokea umbo la farasi. Wakulima wa zamani walipomwona farasi huyo walijua wakati umefika wa kuvuruga tope la majaruba kwa farasi wao wa kweli, tayari kwa kupanda mpunga. Jina la mlima limetoka huko. Maandishi yale yale ya jina yakisomwa kwa namna nyingine ni Hakuba, yaani farasi mweupe, jina ambalo kijiji kilipewa mwaka 1956.

Mimi nilikodoa macho, nikaona kitu kama mbuzi. Mzee akacheka, akasema farasi bado hajamaliza kutoka.

Kisha akasema neno ambalo mjukuu alilitafsiri polepole: "Theluji inaleta wageni miezi minne. Inapoondoka inaleta maji. Jirani zangu waliuza mashamba wakajenga vyumba. Vyumba viko pale."

Nikageuka nikaviona. Ghorofa tatu, vioo vimevunjika, majani yameota kwenye ngazi.

Hapo nikaikumbuka Benaco. Sifananishi wakimbizi na watalii, Mungu anisamehe. Lakini mtu wa kwetu aliyekuwa na akili mwaka 1994 hawezi kusahau. Mwisho wa Aprili mwaka huo watu wapatao robo milioni walivuka Rusumo ndani ya kama saa 24 wakikimbia mauaji ya Rwanda, na kilima kikawa mji mkubwa kwa siku moja. Malori ya misaada yakapita Lusahunga usiku na mchana. Mimi nilikuwa mtoto, nauza ndizi barabarani, na ndizi haikulala. Watu wakajenga vibanda, wakajenga gesti, wakadhani ndiyo maisha. Desemba 1996 wakimbizi wakarudi kwao, na vibanda vingi vikabaki na popo. Mama hakufunga biashara. Alikuwa na shamba.

Na mimi, mtoto niliyelishwa na shamba hilo, ndiye niliyepiga hesabu za kuliuza!

Nikampigia simu palepale jarubani. Kwetu ilikuwa usiku wa manane, lakini mama hulala na simu chini ya mto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini? Umekula?"

"Nimekula mama. Nimeshika theluji."

"Ikoje?"

"Kama barafu ya kwenye friza la soda, ila imejaa mlima mzima."

"Na wenyeji wanakula nini?"

"Wali, mama. Wanalima wenyewe."

Akanyamaza kidogo. "Ehe. Kumbe hawali theluji."

Kwa anayepanga kwenda: wiki za mwisho za Aprili ni nzuri, maua chini na theluji juu, vyumba rahisi kuliko Januari. Epuka siku zao za mapumziko zinazoanza Aprili 29, kwani hapo Wajapani wote husafiri na bei hupanda. Chukua viatu visivyoingiza maji. Aibu iache Dar.

Niliporudi kikao kilikaa tena. Mnunuzi alikuwa hajatoa hata senti, tukamwomba radhi. Gesti itaongezwa vyumba viwili kwa akiba iliyopo, na shamba limebaki. Safari hii mama alizungumza, neno moja tu: "Haya." Akaendelea kuchambua maharage.

Wewe ukipita Lusahunga, usilale kwenye basi. Shuka ule ndizi. Ni za shambani kwetu.