Dunga: Miche ya Kando ya Ziwa na Siri ya Mizizi

Ukitoka katikati ya jiji la Kisumu kwa tuktuk au bodaboda, ukapita mtaa wa Nyalenda, hukawii kufika Dunga. Hapo utalakiwa na harufu ya ngege akikaangwa, mashua zilizoegeshwa ufuoni na mafunjo marefu yanayoyumba kwa upepo wa Ziwa Victoria. Wageni wengi hufuata ndege adimu waishio mafunjoni. Leo, msomaji, inama nami tuitazame miche ya mboga.

Kandokando ya kinamasi watu hulima sukuma wiki, kwani maji hupatikana hata wakati wa kiangazi. Lakini maji yayo hayo hutoka mjini. Vijito vipitavyo mitaani hubeba uchafu wa majumbani, wa gereji na wa majalala, na humo huweza kuwamo metali nzito kama vile risasi na kadimiamu. Petroli yenye risasi ilikomeshwa Kenya mwaka wa 2006, lakini risasi haiozi. Ikiingia udongoni hukaa miaka na mikaka.

Mche mchanga ndio huumia kwanza. Sumu ikizidi, mzizi hudumaa na kugeuka kahawia, nayo majani huwa manjano. Hata hivyo, mche una hila zake. Risasi nyingi huinasa mizizini isipande juu. Kadimiamu ikipenya, mmea hutengeneza viungo vidogo vya jamii ya protini, ambavyo wanasayansi wa Munich, Ujerumani, walivieleza mwaka wa 1985. Viungo hivyo huikamata sumu, kisha ikafungiwa katika vifuko vilivyomo ndani ya seli.

Hapo ndipo penye mtego. Mche uliojiokoa hunawiri na kupendeza sokoni, kumbe kadimiamu imejificha majanini. Salama ya mmea si salama ya mlaji! Kadimiamu hudhuru figo, na risasi huharibu ubongo wa watoto. Kuosha mboga huondoa vumbi na matope, wala hakuondoi kilichomo ndani ya jani.

Basi mkulima afanyeje? Kwanza, udongo na maji vipimwe. Penye udongo wenye asidi, chokaa husaidia kuzuia metali zisifyonzwe kwa urahisi. Mboji safi pia hufaa. Lakini mboji ya gugumaji lililovuliwa penye maji machafu itazamwe kwa hadhari, kwa kuwa gugu hilo nalo hufyonza metali. Penye shaka, heri kupanda mahindi au nyanya kuliko mboga za majani, maana kwa kawaida sumu hupungua katika punje na tunda.

Nayo mafunjo yasifyekwe ovyo. Mizizi yake hunasa sehemu ya uchafu wa mji kabla haujafika ziwani. Ukiketi Dunga kula ngege wako kwa ugali na sukuma wiki, yatazame mafunjo hayo kwa heshima, kisha umwulize mwenye hoteli mboga zake zimetoka shamba gani.