Taa Kuwaka Si Ushahidi

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba siku hizi unaachiwa pikipiki nzima uifumue na kuirudishia nyaya zake hapo Mashimoni, Kibera. Katika kazi hiyo mafundi hawakubaliani juu ya jambo moja, namna ya kuunga waya na waya. Wengi husokota nyuzi za shaba, wakazungusha tepu, wakawasha taa, na ikiwaka wakadai malipo. Nakusihi usiukubali ushahidi huo. Kiungo kibovu nacho huwasha taa siku ya kwanza. Hukumu yake huja baadaye, baada ya miezi ya mashimo, vumbi na mvua ya masika.

Piga hesabu uone. Taa kubwa ya wati 35 kwenye volti 12 hula karibu ampea 3. Msokoto ukilegea na shaba ikashika kutu ya kijani, ukinzani wa nusu omu tu hutosha kumeza zaidi ya volti 1. Mwanga hupungua kwa karibu theluthi, na wati 3 na ushei hugeuka joto ndani ya tepu. Fyuzi haitakuokoa hapo, kwa sababu kazi yake ni kukata umeme unapozidi, ilhali kiungo kibovu huupunguza. Mwenye boda ataona taa imefifia, atanunua balbu, kisha betri, na ugonjwa utabaki palepale.

Utasema, basi nitalehemu. Lehemu hupitisha umeme vizuri, sikatai. Lakini ikiyeyuka hupanda kati ya nyuzi kama mafuta ya taa kwenye utambi, na sehemu iliyoinywa hukakamaa. Pikipiki haiachi kutetemeka, na waya hukatika pale ugumu unapokutana na ulaini. Chomoa plagi yoyote ya pikipiki ya Boxer au TVS uichungulie: kiwandani teminali zimebanwa. Kila moja ina mabawa mawili ya mbele yanayouma shaba tupu na mawili ya nyuma yanayokumbatia ganda la waya, ili mtikisiko usifike kwenye shaba. Basi nawe tumia vifungo vya kubana vinavyolingana na unene wa waya, ubane kwa koleo yake, si kwa kugonga na nyundo, kisha uvishe mrija unaonywea kwa moto ili maji yasipenye. Ukilazimika kulehemu, funga waya pande zote mbili za kiungo ili usipindike hapo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mteja hana muda, kila saa anayokaa kwako ni abiria waliompita. Lakini muda mwingi huliwa na kufungua tangi na kiti na kuufuata waya, wala si kubana. Anayerudi kwa kiungo kilekile analipa ufunguaji huo mara mbili. Na akikwambia tepu yake imedumu miaka, huenda ni kweli. Angalia tu ilipokaa. Mara nyingi utaikuta chini ya kiti, pakavu, waya haupindwi. Hilo lenyewe linafundisha kwamba mahali pa kiungo ni nusu ya uimara wake.

Kwa hiyo shingoni mwa usukani, ambapo nyaya hupindwa kila kona, usiweke kiungo kabisa. Pitisha waya mzima, wa rangi ileile ya zamani ili fundi wa kesho asipotee. Penye viungo vingi, vipishanishe, kimoja hapa kingine mbele kidogo, ganda likichubuka visigusane vikapiga shoti. Mwisho, kabla ya kufunika, kivute kila kiungo kwa mkono. Kikichomoka, umepoteza kifungo kimoja. Kikichomokea barabarani Kibera Drive usiku, taa ya nyuma imezimika na matatu inakuja, atakayelipa ni mtu aliyekuamini.

Nisalimie mama yako.

Ni mimi, mjomba wako.