Gari la porini linaporudi nyumbani

Jumapili moja mjini Karatu, mama mwenye ujauzito wa miezi saba alimwambia mumewe: "Baba watoto, tangulia na gari lako kanisani. Mimi na mtoto tutatembea."

Mume alichukia. Ni dereva wa watalii, na Land Cruiser hilo la zamani alilinunua kwa jasho lake. Alilinyanyua juu, akaongeza mabamba kwenye springi za nyuma na kufunga shokomzoba ngumu, kama magari ya kazini yanayoshuka karibu mita 600 hadi sakafu ya Kreta ya Ngorongoro. Leo mke analikataa?

Usiku mke alimweleza taratibu. Kila wakipita kwenye rasta, yeye na mtoto hurushwa kwenye kiti cha nyuma, na tumbo humkaza. "Na wewe mwenyewe kila jioni nakukanda mgongo, halafu unasingizia godoro."

Kesho yake mume alikwenda kwa fundi. Fundi alilikandamiza gari kwa nyuma, halikubonyea. "Hili umelitengenezea mzigo," alisema, "lakini mzigo hulipi."

Ndivyo ilivyo. Springi nzito hubuniwa kubeba watalii, mizigo na tairi za akiba kwenye mashimo na mawe. Gari likiwa tupu, springi hizo hazibonyei vya kutosha, hivyo kila tuta linapanda moja kwa moja hadi kwenye kiti. Anayekaa juu ya ekseli ya nyuma huumia zaidi kuliko aliye katikati ya gari. Tena gari lililonyanyuliwa huyumba zaidi kwenye kona za lami na ni rahisi kupinduka.

Mwilini, mtikisiko wa kama mara 4 hadi 6 kwa sekunde ndio unaousumbua zaidi uti wa mgongo. Dereva anayetikiswa hivyo kwa saa nyingi, miaka nenda rudi, yumo hatarini kupata maumivu ya kiuno. Godoro jipya halitamponya.

Fundi alitoa mabamba aliyoongeza, akafunga shokomzoba laini na kupunguza upepo uliokuwa umezidi kwenye tairi. Mke alihamia kiti cha mbele, mkanda wa chini ukipita chini ya tumbo, si juu yake. Mume naye sasa akisimama porini hushuka, hunyoosha mgongo na kutembea kidogo.

Mama mjamzito akiona tumbo linakaza mara kwa mara, damu inatoka au mtoto amepunguza kucheza, asingoje kubadilishiwa springi. Awahi kituo cha afya.

Jumapili iliyofuata walipofika kwenye rasta ya kwanza, mume alipunguza mwendo.

"Vipi, mama?"

"Endesha tu," alijibu mkewe. "Ila taratibu. Humu hamna mtalii."