Kasma ya Nauli

Nilipoajiriwa kuwa afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya ukanda wa pamba, bajeti yetu haikuwa na senti ya mtu aliyebakwa au kupigwa nyumbani. Sheria zilikuwepo, tena kali: ya makosa ya kujamiiana ya 1998, ya mtoto ya 2009. Zilijua la kumfanya mkosaji. Aliyetendewa alipewa PF3, fomu ya matibabu, polisi, kisha akajitafutia nauli ya kufika hospitali ya wilaya. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zilikuwa bure, lakini lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kutoka vijiji vya pembezoni hakuna bodaboda wa bure. Tulichanga ofisini. Mama lishe wa jirani alimlipia binti asiyemjua, akakataa kurudishiwa.

Mwaka 2017 ukaja MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na kamati zake hadi vijijini. Mfadhili akatusaidia kufungua kituo cha mkono kwa mkono ndani ya hospitali: daktari, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, na sisi wa ustawi, mlango mmoja. Mtoto alisimulia yaliyompata mara moja tu, basi. Sijaona huduma iliyowatendea watu haki kuliko ile. Mradi ulipokwisha gari lake likaondoka, na mshauri nasaha wa mkataba akaondoka nalo.

Ndipo diwani mmoja wa viti maalumu aliposimama barazani kuuliza: posho za vikao zinatoka mapato ya ndani, kwa nini nauli ya watoto hawa isubiri mfadhili? Hakukaa hadi alipojibiwa. Bajeti iliyofuata ikawa na kasma yetu, fungu la nauli, ndogo, lakini ya halmashauri yenyewe. Kwangu hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko kile kituo, maana tangu hapo tulikuwa na haki ya kudai.

Na kudai kulihitajika, kwa sababu fedha kupitishwa ni jambo moja na kutoka ni jingine. Kwetu mapato ya ndani yanategemea ushuru wa mazao, ambao tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Pamba inauzwa kuanzia Mei. Miezi michache baadaye ghala tupu, na akaunti nayo tupu. Februari unapeleka dokezo la nauli ya shahidi mtoto kwenda mahakamani, linarudi limeandikwa "fedha zikipatikana". Shahidi asipofika, kesi inaahirishwa. Ikiahirishwa tena na tena, familia zinamalizana kwa ng'ombe.

Sasa tuna MTAKUWWA wa pili, ulioanza 2024/25. Kamati yetu imeomba kasma yote itolewe robo ya kwanza, Julai hadi Septemba, wakati fedha ya pamba ingali mkononi, ikae akaunti ya hospitali. Mweka hazina anasema utaratibu hauruhusu. Tumemwomba atuonyeshe kifungu.