Mraba Uliotukataa

Twataka kuwasimulia jambo dogo lililotupata darasani hapa Bukundi, katika mkoa wa Simiyu, maana siku ile tulifundishwa sisi kuliko tulivyofundisha.

Tulichora ubaoni fumbo la maneno, lile la miraba, ambalo neno moja hulala na jingine husimama, nayo hushirikiana herufi yakutanapo. Mchezo huu si wa kale sana: Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alitoa la kwanza katika gazeti la New York World, tarehe 21 Desemba 1913. Letu tulilinakili katika gazeti kuukuu lisilo na majibu.

Swali la kwanza lilikuwa hili: "Mnyama awapitaye wote kwa mbio, herufi 4." Sisi, bila kungoja, tukaandika CHUI. Mtoto mmoja wa wafugaji akainua mkono, akasema, "Mwalimu, ni duma. Chui huvizia tu." Tukamjibu kwa ukali, "Kaa kitako, mwanangu, mkubwa hasahihishwi." Akaketi, akainama, wala hakunena tena.

Tukaendelea. Neno moja la kusimama lilitaka afanyalo mkimbiaji kwa misuli yake kabla ya mashindano, na paka kwa mgongo wake aamkapo, herufi 9. Ni KUNYOOSHA, lakini herufi ya pili ilikuwa H ya chui wetu. La pili lilimtaka Mtanzania aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch, mwaka 1974, herufi 4. Nani asiyemjua Filbert BAYI? Aliongoza tangu mwanzo hata mwisho, akamaliza kwa dakika 3, sekunde 32 na sehemu 2 za kumi. Lakini herufi ya pili ilikuwa I ya chui.

Darasa likanyamaza. Watoto waliutazama ubao, kisha wakatutazama sisi. Wote walikwisha kuliona kosa, wala hapana aliyethubutu kusema, kwa kuwa walimwona mwenzao alivyojibiwa. Kimya kile kilituchoma kuliko kucheka.

Basi tukafuta CHUI, tukampa yule mtoto chaki. Akaandika DUMA, na maneno yote mawili yakaingia mahali pake. Tukamwomba radhi mbele ya wote, tukamwuliza alijuaje. Akasema, "Duma ana michirizi myeusi kama machozi, toka jichoni hata kinywani. Madoa yake yamejaa. Ya chui ni kama maua. Baba alinionyesha tukichunga."

Siku mbili hakuinua mkono tena, nasi tulijua sababu. Siku ya tatu akauinua, tukashukuru moyoni.

Walimu wenzetu, msuli usionyooshwa hukakamaa, na moyo wa mwalimu vivyo hivyo. Wino wetu usiwe mzito hata tushindwe kufuta.