Kuomba Moto Makabe

Siku tuliyohamia Makabe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Lori tulilolikodi Magomeni lilikwama kwenye kilima cha mwisho, na vyombo vyetu vikamalizia safari vichwani mwa vijana wa bodaboda ambao walitutoza kila kitu kwa bei yake: godoro bei yake, kabati bei yake, hata beseni. Jogoo tu, aliyeletwa na mama yangu kutoka Korogwe ndani ya kapu wiki moja kabla, ndiye aliyebebwa bure. Ilikuwa Aprili 2014. Nilisimama mlangoni pa nyumba ambayo upande wa nyuma ilikuwa bado haijapigwa lipu, nimelowa chapachapa, nikajiambia: sasa watoto wangu watakua.

Sina budi kueleza kwanza tulikotoka. Magomeni tulikuwa na vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji sita, choo kimoja, bomba moja lililotoka maji siku lilipopenda. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na baa. Binti yangu, akiwa na miaka minane, alikwishajua kuimba nyimbo ambazo mimi niliona haya kuzisikiliza mbele ya mama mkwe. Mke wangu ndiye aliyeanza: "Baba, hawa watoto tunawalea au tunawaacha walelewe?" Nilikosa jibu, na mwanamume akikosa jibu huanza kutafuta kiwanja.

Hatukuwa peke yetu katika utafutaji huo. Sensa ya 2002 ilihesabu watu wapatao milioni mbili na nusu Dar es Salaam. Ile ya 2012 ikahesabu 4,364,541. Ya 2022 ikapata 5,383,728. Watu hao wote walipaswa kulala mahali. Serikali ilijitahidi, na tangu 2002 ulikuwapo mradi wa viwanja 20,000 uliopima maeneo kama Kibada, Tuangoma, Mivumoni na Buyuni, lakini mshahara wangu wa ukarani ulichelewa kila foleni. Hatimaye nilinunua Makabe, upande wa Mbezi, kipande cha shamba la mihogo na mikorosho, kwa karatasi iliyoandikwa mkono na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Tulijenga kwa miaka minne, tofali kwa tofali, kama wajengavyo wengine wote.

Na kusema kweli palikuwa pazuri. Hewa ilikuwa safi, usiku ulikuwa na nyota, na watoto walikuwa na uwanja wa kukimbilia. Jirani wa kulia alikuwa mhasibu, wa kushoto nesi, wa mbele sikumjua kazi yake ila gari lake. Kila mmoja alikuwa na ukuta wake, na juu ya ukuta chupa zilizovunjwa, na mbele ya ukuta geti jeusi. Nami nikajenga wangu, nikapaka geti rangi nyeusi. Sijui kwa nini nyeusi. Nadhani kwa sababu walionitangulia walipaka nyeusi.

Ubaya ulikuwa barabarani. Ili niwahi kazini mjini saa mbili asubuhi, niliondoka saa kumi na nusu alfajiri, watoto wamelala. Nikirudi saa tatu usiku, foleni ya Barabara ya Morogoro imeninyonya mgongo, watoto wamelala. Nilihama kwa ajili yao nikawa siwaoni. Mke wangu, aliyefundisha shule upande wa Kinondoni, alikuwa katika hali hiyohiyo. Jumapili mwanangu mdogo alikuwa akinitazama kwa adabu, kama mgeni. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 kutoka Kimara tulipata nafuu kidogo, lakini ninalotaka kusimulia lilitokea kabla ya hapo.

Ilikuwa Septemba 2015. Mtoto alikuwa na miaka sita, darasa la kwanza. Gari la shule lilimshusha njia panda, na dada wa kazi ndiye aliyekuwa akimpokea. Siku hiyo dada alikwenda kufuata boza la maji lililokuwa limesimama mtaa wa pili, kwa kuwa tangi letu lilikuwa tupu siku ya tatu. Aliporudi njia panda hakumkuta mtu. Simu ilinifikia saa saba na nusu mchana. Kutoka Posta hadi Makabe nilitumia zaidi ya saa mbili, na katika saa hizo mbili sikumbuki kuwa nilipumua.

Tulimpata saa kumi na moja jioni. Alikuwa amekaa juu ya kreti la soda katika duka lisilofika hatua mia tatu kutoka nyumbani kwetu. Mwenye duka alikuwa amempa biskuti na maji. Mtoto alikuwa amemweleza kila alichojua: jina lake, jina la mama yake, na kwamba kwao ni kwenye geti jeusi. Yule bwana alinishika bega akasema kwa upole, "Mzee, nisamehe. Wateja wangu hapa nawajua kwa magari yao. Huyu nimeuliza kila aliyepita, hakuna aliyemjua ni wa nani."

Kila aliyepita! Baadaye nilihesabu. Nesi alipita pale, kijana wa mhasibu alipita, na wale akina mama wawili wa kona tuliokuwa tukiinuliana mikono asubuhi walipita pia. Mwaka mmoja na nusu tulikuwa tumeishi mahali ambapo mtoto wangu hakuwa wa mtu. Magomeni, kwenye choo kimoja na baa ukutani, asingepotea nusu saa. Angekwishapigwa kofi na mwanamke asiyemhusu na kukokotwa hadi mlangoni.

Sikumwambia mama yangu. Mke wangu akamwambia. Siku ya nne bibi alishuka Mbezi mwisho na mizigo yake mitatu, maana mabasi ya kutoka kwetu yalikuwa yakipita pale hata kabla ya kituo kikuu kuhamia hapo mwaka 2021. Alikagua nyumba, akasifu sakafu, akastaajabu kwamba tunanunua maji. Yeye ni mtu wa Handeni, upande wa Sindeni, na watu wa Handeni wanaijua kiu kuliko watu wengi. Wamechota kwenye malambo pamoja na ng'ombe. Lakini kulipia maji mlangoni aliona ni mchezo wa matajiri. Kisha akatoka nje, akasimama katikati ya njia, akaangalia kuta kulia na kushoto. "Mwanangu," aliniuliza, "hapa moto mnaomba wapi?"

Nilimwambia tuna jiko la gesi. Akanitazama kama atazamwavyo mtu aliyejibu swali jingine.

Usiku ule ndipo aliponisimulia jambo ambalo kwa miaka yote hakuwahi kunisimulia. Mwishoni mwa 1973 ilipotangazwa kuwa kuishi katika vijiji ni amri, wao walikuwa na mji wao, nyumba tano za ukoo mmoja, na mashamba yao ya mahindi. Mwaka uliofuata, yeye akiwa msichana wa miaka kumi na saba, lori lilikuja. Walipewa muda wa kupakia, na walipogeuka nyuma paa lilikuwa limekwishaondolewa. Waliteremshwa kwenye uwanda uliowekewa mambo za mbao, kila familia na vipimo vyake, kati ya watu waliotoka kila upande, wengine wakiwa na ugomvi wa zamani nao. Hakukuwa na chakula cha kutosha wala kivuli. Babu alikaa juu ya gunia akakataa kusema na mtu.

Bibi yangu alichukua kigae akaenda kuomba moto. Alianza na kibanda cha karibu, wakampa kaa moja. Akaenda cha pili, akaomba tena. Akaenda hadi cha mbali kabisa, kwa wale wenye ugomvi, akapiga hodi, akaomba moto. Mama yangu alimfuata nyuma akiona aibu, kwa sababu alijua kwamba kibiriti kilikuwa kimefungwa kwenye upindo wa kanga ya mama yake muda wote ule.

"Ukimwomba mtu moto," mama alisema, "kesho yake hawezi kujifanya hakujui."

Sisemi haya kuitetea Operesheni Vijiji. Watu waling'olewa kwa nguvu, na mama yangu mpaka leo hataki kukitaja kile kijiji kuwa ni kwao. Nasema tu kwamba aliyewafanya waishi pale hakuwa aliyeleta lori. Tangu Juni 2022 wenzetu waliotoka Ngorongoro wamekuwa wakipelekwa Msomera, hukohuko Handeni, wakajengewa nyumba na kupewa mashamba. Ubishi juu ya kuhama kwao ni mkubwa nami sitauamua hapa. Lakini kila nionapo picha ya nyumba zile zilizopangwa mistari, namwona bibi yangu na kigae chake.

Mimi mwenyewe sikuzaliwa Handeni. Baba yangu alikuwa mtu wa mkonge, nami nilizaliwa kwenye kambi ya shamba karibu na Korogwe, katika zile nyumba za chumba na veranda zilizoshikana kama mabehewa. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na kuuvuna kuliwakusanya pale watu kutoka Kigoma, Njombe, Tabora na Msumbiji, wengine wakiwa manamba waliokuja kwa mkataba wa muda wakazikwa hapohapo. Sisi watoto tulizungumza Kiswahili kilichochanganyika na kila kitu. Hakuna mtu angeuita mtaa ule mahali pazuri pa kulea familia: vumbi, pombe, mishahara midogo, na ilipofika miaka ya themanini bei ya mkonge imeanguka, hata hiyo midogo ikawa inachelewa. Hata hivyo siku baba alipokatwa mkono na mashine, kabla mama hajapata habari, ugali ulikuwa umekwishapikwa nyumba ya tatu kwa ajili yetu. Nilikua nikidhani ndivyo nyumba zilivyo, kwamba jambo hilo huja lenyewe pamoja na mabati.

Basi asubuhi iliyofuata mama alimwita mwanangu, akampa kikombe. "Nenda geti lile. Piga hodi. Sema bibi anaomba chumvi." Mtoto alinitazama. Chumvi ilikuwapo, kilo nzima, juu ya kabati. Nilimwitikia kwa kichwa. Alirudi na chumvi na swali: "Bibi, yule mama ameniuliza wewe ni bibi wa wapi." Kesho yake binti akaenda kwa nesi kuomba ndimu. Keshokutwa mama mwenyewe akaenda kwa mhasibu kuomba mche wa mchaichai, akakaa saa tatu, akarudi akijua kwamba mke wa mhasibu ni mtu wa Lushoto, kwamba amefiwa na mtoto mwaka juzi, na kwamba mtaa mzima hakuna aliyekwenda kumpa pole kwa kuwa hakuna aliyejua. Mke wangu alijifunika uso. Msiba ule ulikuwa umepita hatua ishirini kutoka kitanda chetu.

Mama alikaa nasi wiki saba. Aliagiza geti liwe wazi mchana. Nilimtahadharisha kuhusu wezi, na kwa kweli wiki ya pili tuliibiwa mpira wa maji na kandambili mbili. Geti likabaki wazi. Jioni alikaa nje juu ya mkeka akichambua mchicha, na watoto wa majirani, ambao sikujua kama ni wengi hivyo, walitoka nyuma ya kuta zao mmoja mmoja kuja kusikiliza hadithi.

Kitu kimoja alishindwa. Alijaribu kuwafundisha wajukuu Kizigua, wakamcheka. Aliumia, nami niliona. Aliniambia habari za mwanamke aliyekutana naye sokoni Handeni, mmoja wa wale waliorudi kutoka Somalia baada ya vita ya 1991 na kupokewa kwanza Mkuiyu, kisha, tangu 2003, Chogo. Mababu zao walichukuliwa huku wakati wa njaa ya karne ya 19, wakavushwa bahari na kuuzwa, na waliojikomboa wakafanya makazi yao katika bonde la mto Juba. Baada ya zaidi ya miaka mia na hamsini walirudi wakisema Kizigua, tena cha zamani, chenye maneno aliyoyasikia mwisho kwa bibi yake. "Hao walikuwa watumwa," mama alisema, "na ninyi mna gesi."

Nilimwomba abaki. Alisema Korogwe ana kuku, ana wenzake wa kanisani, ana kaburi la baba la kupalilia. Nilimsindikiza Mbezi, na njiani kurudi mwenye duka aliniita kwa jina la mwanangu, Baba Fulani, kwa mara ya kwanza.

Hatukuwa kijiji, nisije nikakudanganya, msomaji. Foleni ipo, kuta zipo, na wapo jirani ambao mpaka leo nawajua kwa honi tu. Mhasibu alihama mwaka 2019, nasi tukaanza upya na waliokuja.

Mwezi uliopita mama alipiga simu, ikapokelewa na yule aliyepotea, ambaye sasa amenipita urefu. Nilimsikia akicheka, kisha akaanza kutaja nyumba moja baada ya nyingine kwa Kizigua chake kibovu, akihesabu kwa vidole, huku bibi akimsahihisha kwa sauti iliyosikika hadi jikoni. Alifika tano, akakwama, akaniuliza sita inaitwaje.

Nilikuwa sikumbuki. Nikamwambia amuulize bibi.